Malkia Aliyewashitaki Miungu

Mwaka 1956 C. S. Lewis, ambaye wakati huo alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha hadithi mbili. Moja ilikuwa The Last Battle, kitabu cha saba na cha mwisho katika mfululizo wa Narnia, unaosomwa hadi leo na watoto na wazazi wao katika lugha nyingi. Nyingine ilikuwa Till We Have Faces, yaani "Hadi Tutakapokuwa na Nyuso", riwaya ya watu wazima inayosimulia upya kisasili cha kale cha Cupid na Psyche. Lewis mwenyewe aliihesabu hii ya pili kuwa kazi yake bora, lakini wahakiki na wanunuzi wa zama zake hawakuipokea kwa shauku, na hata sasa si ajabu kumkuta mtu aliyerudia vitabu vyote saba vya Narnia ambaye hajapata kuisikia.

Sababu zinafahamika. Anayetoka Narnia amezoea simba anayesema, kabati lenye mlango wa nchi nyingine, na wema unaotambulika mapema. Humu anamkuta malkia mzee mwenye kinyongo, jiwe linalopakwa damu, na sehemu ya pili inayoonekana kuikana ya kwanza. Naona kwamba ugumu huo unapungua sana msomaji anapokubali kuisoma riwaya kwa jinsi inavyojitambulisha yenyewe tangu ukurasa wa kwanza: ni hati ya malalamiko. Anayeandika ni Orual, malkia wa Glome, na anaowalalamikia ni miungu. Anasema kwamba hana mume wala mtoto ambaye wangeweza kumtumia ili kumwumiza, kwa hiyo hana la kuogopa. Ataeleza yote, na msomaji, hasa Mgiriki aliyezoea kusema kwa uhuru hata juu ya miungu, ndiye atakayeamua. Yeyote aliyewahi kuketi barazani shauri likisikilizwa anajua kuwa mlalamikaji anaweza asiseme uongo hata mmoja na bado jambo likawa silo kama anavyolieleza. Riwaya nzima imejengwa juu ya mwanya huo.

Kisasili chenyewe tunacho kutoka kwa Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 aliyezaliwa Madauros, mji ambao leo uko ndani ya Algeria. Ni hadithi ya Kiafrika kwa kiasi fulani, jambo ambalo husahaulika kwa urahisi. Katika kitabu chake kiitwacho The Golden Ass, kikongwe mmoja anamsimulia msichana aliyetekwa na majambazi habari za binti wa mfalme aliyekuwa mzuri mno hata watu wakaacha kumwabudu Venus, mungu wa kike wa mapenzi na uzuri, na kumwabudu yeye. Venus anaona wivu, anamtuma mwanawe Cupid amwadhibu, naye Cupid anampenda. Binti huyo, Psyche, anapelekwa mlimani kama bibi harusi wa dude la kutisha, lakini upepo unamchukua hadi kwenye kasri la fahari ambako mume asiyeonekana humjia usiku tu na kumkataza asimtazame. Dada zake wawili wanamtembelea, wanaliona kasri, wivu unawawaka, nao wanamshawishi awashe taa. Tone la mafuta ya moto linamwangukia Cupid begani, anaruka na kutoweka, na Psyche anabaki kutangatanga huku Venus akimpa kazi zisizowezekana, hadi mwishowe anakombolewa na kufanywa mmoja wa wasiokufa.

Lewis alikuwa na hadithi hii kichwani tangu ujana. Alijaribu kuiandika kwa mashairi katika miaka ya 1920, hakufanikiwa, akaiweka kando kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1955, akisaidiwa na mazungumzo na mwandishi Joy Davidman, ambaye aliolewa naye mwaka uliofuata na ambaye kitabu kimetabarukiwa kwake, njia ilifunguka akaandika kwa kasi. Alichobadilisha, kwa asili, ni kitu kimoja tu, naye alisema kwamba hakuona kama anakibuni bali kama anatambua jinsi mambo yalivyokuwa kweli: dada hawakuliona kasri.

Badiliko hilo linaonekana dogo, kumbe linageuza kila kitu. Katika Apuleius dada wanajua. Wameziona dhahabu, wamekula mezani, na ubaya wao hauhitaji ufafanuzi. Tunawahukumu kama tunavyomhukumu mke mwenza mbaya katika ngano. Lakini ikiwa dada hakuona kitu isipokuwa majani na mawe, na mbele yake amesimama mdogo wake aliyevaa matambara akisema kwamba anaishi katika jumba la mungu, basi huyo dada afanye nini? Mwenye akili timamu atadhani mtoto amerukwa na akili, au amelaghaiwa na mhuni wa porini, na mwenye mapenzi atataka kumwokoa. Hadithi iliyokuwa ya wivu imekuwa swali la jinsi tunavyojua tunachokijua, na pia swali gumu zaidi la kile ambacho mapenzi yetu yako tayari kukiona.

Lewis anaitoa hadithi kwenye nchi ya ngano na kuiweka Glome, ufalme mdogo wa kubuni pembezoni mwa ulimwengu wa Kigiriki, karne kadhaa kabla ya Kristo. Mfalme Trom ni mtu mkali na mwoga. Ana mabinti watatu: Orual, mwenye sura mbaya ambayo baba yake hachoki kumtajia, Redival, mwenye nywele za dhahabu na akili nyepesi, na Istra, aliyezaliwa na mke wa pili ambaye alikufa kwa uzazi. Orual anamlea Istra kama mwanawe, na kwa Kigiriki anamwita Psyche, neno linalomaanisha nafsi. Mwalimu wao ni mtumwa Mgiriki waliyempa jina la Mbweha, mfuasi wa falsafa ya Wastoiko, inayomtaka mtu aongozwe na akili, mpole, msomi, mwenye kuamini kwamba habari za miungu wenye wivu ni uongo wa washairi. Upande wa pili iko nyumba ya Ungit, mungu wa kike wa nchi hiyo, ambaye si sanamu bali ni jiwe jeusi lisilo na uso, linalonuka damu na moshi, na kuhani wake akiingia mahali harufu hiyo huingia naye.

Inapokuja tauni, ukame na njaa, watu kwanza wanadhani kwamba mkono wa Psyche unaponya, wanamsujudia, kisha siku chache baadaye wanamwita aliyelaaniwa. Kuhani anataka atolewe sadaka kwa mungu wa Mlima wa Kijivu, mwana wa Ungit. Hapa ndipo inafaa kuanza kumchunguza mlalamikaji. Usiku wa kuamkia sadaka, Orual anafanikiwa kuingia chumba alimofungiwa mdogo wake akitarajia kumfariji, lakini anakuta Psyche ametulia na ndiye anayefariji. Orual anaandika kwa uwazi kabisa kwamba utulivu ule ulimwuma. Haelezi kwa nini, nasi tunaweza kuupita mstari huo bila kuutilia maanani, ilhali kesi yote imo ndani yake: alitaka kuhitajiwa.

Baadaye anapanda mlimani pamoja na Bardia, mkuu wa walinzi, ili kuzika chochote kitakachokuwa kimebaki, na ng'ambo ya kijito anamkuta Psyche akiwa hai, mwenye afya na furaha. Wanakaa pamoja. Psyche anampa divai katika kikombe kizuri. Orual anaona maji katika viganja vya mikono. Wanazungumza kwa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba hawako mahali pamoja, na Orual anapouliza kasri liko wapi, Psyche anashangaa, kwani dada yake amesimama kwenye ngazi za lango. Sijui ukurasa mwingine katika maandishi ya Lewis unaoonyesha kwa ukali kiasi hiki namna watu wawili wanaopendana wanavyoweza kukaa katika dunia mbili. Hakuna anayemdanganya mwenzake. Psyche anasema labda naye atafundishwa kuona. Orual anapiga kelele kwamba hataki kuona, kwamba anachukia jambo lote hilo.

Usiku huohuo, mapambazuko yakikaribia, Orual anashuka kunywa maji mtoni, anainua macho, na ndani ya ukungu analiona kasri: kuta, nguzo, minara isiyofanana na chochote alichowahi kukijua. Anapiga magoti. Punde linatoweka, na hajui kama aliona kitu au alichezewa na ukungu. Msomaji anayeharakisha huichukua sehemu hii kama ushahidi wa Orual dhidi ya miungu, maana ndivyo yeye anavyoitumia: je, ni haki kumwonyesha mtu dokezo la nusu dakika na kisha kumhukumu kama aliyeonyeshwa wazi? Hoja hiyo ina nguvu, nami sidhani kwamba Lewis alitaka tuidharau. Lakini angalia anachokifanya baada ya hapo. Anaporudi, anamwuliza Bardia maoni yake, anamwuliza Mbweha pia, na wote wawili anawaficha hilo moja. Bardia anadhani mume wa Psyche ni kitu cha kutisha kisichotaka kuonekana. Mbweha anadhani ni mkimbizi wa sheria aliyejificha milimani. Majibu hayo yanapingana, isipokuwa kwamba yote mawili yanampa Orual ruhusa ya kumtoa Psyche pale alipo. Shahidi aliyeficha ushahidi mkuu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba washauri wake walikosea.

Anarudi mlimani na taa. Psyche anakataa kumvunjia mume wake ahadi, ndipo Orual anajichoma mkono wa kushoto kwa jambia hadi linapotokea upande wa pili, akiapa kwamba atamwua yeye kisha ajiue mwenyewe kama hatakubali. Psyche anakubali, si kwa sababu ameshawishika, bali kwa huruma juu ya dada yake, naye anasema wazi kwamba sasa amejifunza kwamba mapenzi yanaweza kufanywa silaha. Taa inawaka, radi inapiga bonde, na mungu anamtokea Orual kwa kitambo. Hamkemei kwa hasira. Anamwambia kwamba Psyche anakwenda uhamishoni, na kwamba yeye Orual naye atakuwa Psyche. Maneno hayo ya mwisho Orual anayachukulia kama kitendawili cha adhabu, na sehemu kubwa ya wasomaji hubaki wakiwa na fumbo hilo mkononi hadi mwisho.

Miaka minne baada ya riwaya hii, Lewis alichapisha The Four Loves, kitabu cha insha ambamo anaeleza jinsi hata upendo wa kifamilia, ulio wa kawaida kuliko wote, unavyoweza kugeuka mlafi pale mwenye kuupenda anapohitaji kuhitajiwa. Insha zile ni safi na zina ucheshi, lakini riwaya ilikuwa imekwisha kulisema jambo hilo kwa kina zaidi, kwa sababu tunalisikia kutoka ndani ya kinywa cha mlaji ambaye anaamini kwa moyo wote kwamba ananyang'anywa. Katika Glome watu husema kuwa mungu wa mlimani akimpenda mtu na akimla ni jambo lilelile. Orual anayachukulia maneno hayo kama ushenzi wa makuhani, pasipo kujua kwamba anaelezwa yeye.

Baada ya mlima Orual anafunika uso wake kwa shela na hataufunua tena mbele za watu. Msomaji wa Kiswahili ana kitu cha ziada hapa. Kabla barakoa haijawa kitambaa cha kujikinga na maradhi, lilikuwa jina la kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake wa jamaa za kifalme na za kitajiri Zanzibar na Oman, na waliokifahamu walijua kwamba kuficha sura kunaweza kumwongezea mtu heshima na uzito mbele ya wanaomtazama. Ndivyo ilivyo Glome. Watu wanaanza kunong'ona kwamba chini ya shela upo uzuri usiotazamika, au hamna kitu kabisa. Mabalozi wanatetemeka mbele ya sauti isiyo na sura. Orual anamwua mkuu wa nchi jirani katika pambano la watu wawili, anarithi ufalme, anamweka Mbweha huru, anarekebisha sheria na machimbo ya fedha, anakuwa malkia bora kuliko wafalme wote waliomtangulia; na yote hayo anayapita kwa kurasa chache, kana kwamba yalimtokea mtu mwingine. Naona Lewis alifanya vyema kuharakisha hapo. Kazi nyingi ilikuwa shela ya pili.

Kinachomfanya aandike ni tukio dogo. Akiwa safarini katika nchi ya Essur, anakuta hekalu dogo la mungu wa kike aitwaye Istra, lenye sanamu iliyofungwa kitambaa cheusi usoni. Kuhani anamsimulia habari za mungu huyo, na ni habari za Psyche, ila katika simulizi ile dada waliliona kasri na waliharibu kila kitu kwa wivu. Ni kana kwamba Lewis amemwingiza Apuleius ndani ya riwaya na kumpa Orual nafasi ya kumjibu. Anakasirika kupita kiasi, kwani miungu sasa wameongeza kashfa juu ya dhuluma, na anaapa kuandika ukweli. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza tuliyoisoma, sura 21.

Sehemu ya pili ina sura nne tu, na ndiyo inayowachanganya watu. Orual anasema angetamani kuiandika upya sehemu ya kwanza lakini hana muda, kwa hiyo ataongeza tu. Huo si uzembe wa mwandishi. Malalamiko hayafutwi kwa sababu yanapaswa kubaki kama yalivyotolewa, na kilichobadilika ni mlalamikaji, ambaye amebadilishwa na kazi ileile ya kuandika. Kukumbuka kwa utaratibu kumemlazimisha kupembua nia yake na nia nyingine. Mgeni wa kibalozi aliyewahi kumjua Redival ujanani anamwambia kwamba binti yule alikuwa mpweke, kwa sababu Orual alimpenda kwanza, kisha akaja Mbweha, kisha akaja mtoto, naye akasahauliwa. Katika kurasa mia mbili za mashtaka, Orual hakuwahi kuufikiria moyo wa Redival hata mara moja, na, kama tukisema kweli, sisi wasomaji pia hatukuufikiria. Kisha Bardia anafariki, na mjane wake Ansit anamwambia malkia usoni kwamba alimtumikisha mumewe hadi akaisha, na kwamba ameshiba maisha ya watu: ya Bardia, ya Ansit, ya Mbweha, ya dada zake wote wawili.

Yanayofuata ni njozi. Baba yake aliyekufa anamchukua na kumshusha chini ya sakafu ya jumba, kisha chini zaidi, hadi mbele ya kioo, anamwuliza Ungit ni nani, na katika kioo Orual anaona uso wa Ungit, naye anajibu kwamba ni yeye. Jiwe lile lisilo na sura, linalokula na kunywa vilivyo vya wengine, ni picha yake. Lakini Lewis haishii kwenye fedheha hiyo. Mbweha, ambaye sasa ni mzimu, anamwonyesha michoro ya kazi alizopewa Psyche: kutenganisha mbegu, kupata manyoya ya kondoo wa dhahabu, kuteka maji ya mauti, kwenda kuzimu kuuleta uzuri katika kasha. Orual anatambua kuwa kazi hizo amekwisha kuziota na kuziteseka yeye, wakati Psyche alizitenda karibu bila maumivu. Mmoja alibeba uchungu, mwingine akapata ushindi. Ndiyo maana ya kauli ya mungu kwamba naye atakuwa Psyche. Haikuwa adhabu peke yake. Ilikuwa pia njia ya kumlipia mdogo wake deni bila kujua.

Katikati ya njozi hizo iko baraza ya wafu, na Orual anaitwa asome malalamiko yake. Kitabu alichonacho mkononi si kile kizuri alichokiandika, bali ni karatasi chakavu iliyojaa mwandiko mbaya, na anaposoma anajisikia akisema yaliyokuwa chini ya kila ukurasa: kwamba Psyche alikuwa wake, na kwamba heri angeliwa na dude mbele ya macho yake kuliko kupewa furaha ambayo yeye hana sehemu ndani yake. Anairudia mara nyingi pasipo kujua, hadi hakimu anapomnyamazisha na kumwuliza kama amejibiwa. Anasema ndiyo. Wasomaji wanaotafuta hoja ya miungu hawaipati, nami nakiri kwamba mara ya kwanza nilihisi nimepunjwa. Swali la haki ya kuonyesha nusu dakika kisha kuficha halijajibiwa kwa hoja popote. Kilichotokea ni kwamba lilikuwa swali la juu juu, lililofunika jingine, na lile jingine lilipotamkwa kwa sauti yake halisi halikuhitaji mtu wa kulijibu.

Hapo ndipo jina la kitabu linapoeleweka. Lewis alitaka kukiita kwa neno lenye maana ya uso mtupu, mchapishaji akaogopa kwamba watu wangedhani ni hadithi ya wachunga ng'ombe wa Marekani, na jina jipya likachukuliwa kutoka katika maneno ya Orual mwenyewe anapouliza miungu watakutanaje nasi uso kwa uso kabla hatujawa na nyuso. Kiswahili kina neno linalolibeba wazo hilo vizuri kuliko maelezo yangu. Kumuumbua mtu ni kumfichua hadharani hadi aibu imjae, na neno hilo limetoka katika kuumba, kama kitu kinachofumuliwa kilichokuwa kimefinyangwa. Orual anaumbuliwa barazani, amesimama bila shela na bila vazi mbele ya umati wa wafu, na hapohapo ndipo anapoanza kuumbwa. Bila tukio la kwanza asingekuwa na sura ya kumpelekea yeyote.

Mbweha naye ana shauri lake la kulipa. Katika baraza hilohilo anasimama kuungama kwamba alimlisha Orual maneno mepesi kama maji, alimfundisha kuwa miungu wa Glome ni upuuzi, lakini hakumwambia kwa nini watu waliendelea kwenda kwa Ungit. Jibu la swali hilo limo katika tukio ambalo ningemsihi msomaji asiliruke. Kuhani mpya, Arnom, ameleta sanamu nzuri ya mtindo wa Kigiriki na kuisimamisha ndani ya hekalu. Mwanamke wa kijijini anaingia akilia, anamtolea Ungit njiwa, anaondoka akiwa ametulia. Orual anamwuliza ameomba kwa ipi, naye anasema kwa ile ya zamani, jiwe, kwa kuwa ile nyingine ni ya watu wakubwa na wasomi, haina faraja ndani yake. Lewis, aliyeipenda falsafa ya Wagiriki, hamkejeli mwanamke huyo hata kidogo. Wala hasemi kwamba jiwe ni zuri. Anayaacha yote mawili yasimame, damu na hoja, na Psyche peke yake ndiye aliyeweza kuyachukua pamoja.

Sentensi ya mwisho ya Orual haikukamilika. Chini yake kuna maandishi mafupi ya Arnom, anayeeleza kwamba malkia alikutwa amekufa, kichwa chake kimeangukia juu ya ukurasa, na kwamba alama za mwisho hazisomeki kwa sababu hiyo. Anaongeza agizo kwa kuhani atakayemfuata: kitabu kiwekwe hekaluni, na akitokea msafiri yeyote atakayeapa kukifikisha Ugiriki, apewe aende nacho.